Kuusoma Moyo kwenye Picha za CT: Fuata Damu, Usiyaamini Majina

Nilipoanza kujifunza kusoma picha za CT za kifua (eksirei za kompyuta zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande), moyo ulinisumbua kuliko kiungo kingine chochote, na kosa langu lilikuwa kuyaamini majina. Nilidhani kwamba upande wa kulia wa moyo hukaa kulia na wa kushoto hukaa kushoto, ilhali moyo umelala mshazari: ventrikali (chumba cha chini, kinachosukuma damu nje) ya kulia ndiyo iliyo mbele, nyuma tu ya mfupa wa kidari, na atria (chumba cha juu, kinachopokea damu) ya kushoto iko nyuma kabisa, ikipakana na umio. Zaidi ya hayo, picha hutazamwa kana kwamba umesimama miguuni pa mgonjwa aliyelala chali, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwa skrini.

Ushauri wangu ni kwamba usikariri kipande kimoja kimoja. Anzia kwenye pingili za uti wa mgongo na aota, ateri kuu ya mwili, inayoshuka kandokando yake, kwa sababu hivyo havikupotezi. Mbele yake utakuta umio, na mbele ya umio atria ya kushoto, ambayo utaithibitisha kwa kuona vena za mapafu, kwa kawaida nne, zikiingia humo. Kisha pandisha na shusha vipande ukiifuata damu kutoka vena kava (mishipa mikubwa inayorudisha damu moyoni) hadi atria na ventrikali ya kulia, ikatoke kwa ateri ya mapafu, irudi kushoto na kuishia kwenye aota. Ventrikali zikikuchanganya, linganisha kuta: ya kushoto hukaribia sentimita 1 kwa unene, ya kulia ni milimita chache tu.

Ateri za koronari, zinazoulisha moyo wenyewe, zisikutishe, maana zimezungukwa na mafuta, ambayo kwa kipimo cha Hounsfield, kinachoonyesha jinsi tishu inavyozuia eksirei, huwa karibu -100 (maji ni 0), na kontrasti (dawa inayodungwa mshipani ili damu ionekane) ikipita ndani ya ateri hizo, hung'aa dhidi ya weusi wa mafuta. Ya kulia itafute kwenye mfereji ulio kati ya atria na ventrikali ya kulia.

Siku moja niliona kivuli ndani ya atria ya kulia nikatangaza, kwa kujiamini kupita kiasi, kwamba ni donge la damu. Aliyekuwa akinifundisha aliniambia nishuke vipande vichache, nikakuta kivuli kile kikiendelea hadi vena kava ya chini: kontrasti ilidungwa mkononi, ikashukia vena kava ya juu, na damu ya kutoka tumboni na miguuni ilikuwa ikiingia bila kontrasti. Tangu hapo, kabla sijaandika neno «donge», hutazama kama kingo zake zimekolea au zimefifia, na kama kivuli kipo bado kwenye picha zilizopigwa baadaye.