Jibu: Injini ya 504 niiuze bei gani?

Ndugu, umeuliza bei ya injini ya gari la Peugeot 504 iliyolala stoo hapo Malindi, na mtu wa vyuma chakavu keshakutajia yake. Tafadhali usimpe. Bei ya kilo ndiyo ya chini kabisa, si ya kuanzia.

Jua kwanza ni injini ipi: ya cc 1796 ina pistoni za kipenyo cha mm 84, ya cc 1971 zina mm 88. Kisha, kabla ya kugusa stata, toa plagi zote nne, tia oili kidogo kila silinda, iache ilale, kesho uzungushe krenki, yaani shafti kuu ya injini, kwa spana, polepole. Hewa ya chumvi hapa pwani hugandisha ringi za pistoni. Ikizunguka, fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo wa kila silinda, mnunuzi akiona mwenyewe. Vipimo vya silinda vikikaribiana, dai bei ya injini nzima, ukipunguza gharama ya gasketi na kazi ya fundi.

Ikiwa imeshika, haizunguki, bado ina thamani. Slivu zake, mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, hutolewa zikawekwa mpya, na hedi na kabureta huuzwa peke yake. Namba ya injini iandikwe kwenye hati ya mauziano, maana mnunuzi ataihitaji akibadilisha logbuku ya gari lake.