Alizaliwa Uganda au Mumias?

Dada, umeuliza uamini kipi: cheti cha ubatizo kinachosema baba wa babu yako alizaliwa Uganda, au kipande, kile kitambulisho cha wakati wa mkoloni, alichopewa Nakuru kinachosema North Kavirondo, yaani wilaya ya Mumias ya enzi hizo. Usikitupe hata kimoja. Hadi 1902 Mumias, Kisumu, hata Nakuru yenyewe, zilikuwa ndani ya Uganda; ndipo Waingereza wakazihamishia upande huu wa Kenya. Kwa hiyo kijiji kimoja kinaweza kuandikwa kwa nchi mbili bila karani yeyote kudanganya. Kanisa Katoliki lilichelewa zaidi: misheni za Kavirondo zilikuwa chini ya vikariati (jimbo la kimisionari) ya Upper Nile, Uganda, mpaka 1925.

Kipande nacho nakitilia shaka kidogo. Karani aliandika wilaya na chifu wa mtu, si lazima mahali alipozaliwa.

Nenda parokiani uombe kuona daftari lenyewe la ubatizo, maana cheti ni muhtasari tu. Tafuta majina ya wazazi, msimamizi na kijiji.

Lakini kabla ya yote, tafadhali, kaa na bibi umuulize kitovu cha mzee kilizikwa wapi. Daftari litangoja.