Kabla hujaandika neno "bondi"

Mdogo wangu unayeanza kidato cha tano, alama zangu za kwanza kwenye kemia ogania zilipotea kwa sentensi moja: "Ethanoli inachemka kwenye joto kubwa kwa sababu bondi zake ni imara." Bondi ni kifungo kinachoshikanisha atomu ndani ya molekuli. Mwalimu aliipiga mstari mwekundu, akaandika pembeni: "Bondi ipi?" Wiki nzima sikumwelewa.

Ukichemsha ethanoli, mvuke unaotoka ni ethanoli ileile. Kaboni haijaachana na kaboni, wala oksijeni haijaachana na haidrojeni yake. Zilizoachana ni molekuli na jirani zake. Basi jiulize kwanza, majirani hawa wanashikanishwa na kitu gani?

Namba nilizobandika ukutani bwenini zilikuwa tatu. Propani, masi 44, inachemka kwenye nyuzi -42. Ethanali, masi 44 pia, nyuzi 20. Ethanoli, masi 46, nyuzi 78. Uzito karibu ule ule, tofauti nyuzi 120! Propani ina kani za London tu, yaani mivuto midogo ya muda inayotokana na elektroni kuhamahama. Ethanali ina ncha chanya na hasi zinazovutana. Ethanoli ina haidrojeni iliyoshika oksijeni, nayo inavutwa na jozi pweke ya elektroni (elektroni mbili zisizotumika kwenye bondi) kwenye oksijeni ya jirani. Hiyo ndiyo bondi ya haidrojeni. Dimethili etha ina fomula ileile ya ethanoli, ila haidrojeni zake zote zimeshika kaboni, ikaishia kuchemka kwenye -24 hivi.

Ila usizidharau kani za London, kosa la darasa letu zima. Heksani haina ncha za maana, lakini inachemka kwenye 69 wakati propanoni yenye ncha inachemka kwenye 56. Masi 86 kwa 58: elektroni nyingi, mguso mpana. Ndiyo maana tunalinganisha masi kabla ya kusema lolote.

Umbo nalo lina lake. Pentani iliyonyooka inachemka kwenye 36. Ndugu yake aliyejikunja kama mpira, 2,2-dimethilipropani, kwenye 10 hivi. Kuni kwenye mzigo zinagusana urefu wote, machungwa kwenye tenga yanagusana kidogo tu.

Kwenye mtihani, chora molekuli mbili, si moja, kisha weka mstari wa nukta katikati yao kuonyesha bondi ya haidrojeni. Asidi ya ethanoiki (inachemka kwenye 118) dhidi ya propan-1-oli (97), masi 60 zote: chora asidi mbili zikitazamana, utaona mistari miwili ya nukta.