Uniti za Msingi Si za Kujazia

SWALI: Ninauza samaki Ahero. Kijana wangu amesomea ufundi wa umeme, Kiwango cha 5, katika chuo kimoja cha kibinafsi hapa Kisumu. Uniti zote za umeme amepita na atachimenti amemaliza. Sasa anaambiwa hawezi kupewa cheti cha kitaifa kwa sababu hana mawasiliano na hisabati ya uhandisi. Kuna mtu pale steji anasema kwa shilingi 18,000 atamtengenezea potifolio, yale mafaili ya ushahidi wa kazi ya mwanafunzi, za hizo mbili. Mtu ananyimwaje cheti cha umeme kwa sababu ya lugha na hesabu? Na huyo mtu nimlipe?

JIBU: Mama, huyo mtu usimpe hata shilingi. Hana uwezo wa kumpa kijana wako cheti, na karatasi atakazomuuzia zinaweza kumtia mashakani hata kwenye zile uniti alizozitolea jasho.

Chuo kimekwambia ukweli kuhusu cheti. Mitaala ya TVET CDACC, baraza linalotathmini na kutoa vyeti vya ufundi, hugawa uniti mafungu matatu: za msingi, za pamoja na za fani. Mawasiliano iko katika za msingi, hisabati ya uhandisi katika za pamoja, na kufunga umeme nyumbani katika za fani. Anayefaulu uniti ya fani hupata hati ya uniti hiyo. Cheti cha kitaifa hupewa aliyefaulu zote zilizomo kwenye mtaala wake. Mbili zikikosekana, hakuna cheti.

Lakini harudii mwaka, wala halipi tena karo ya kozi nzima. Alizofaulu ni zake. Atafanya hizo mbili tu katika awamu ya tathmini inayofuata. Kabla ya hapo muulize jambo moja, kwa sababu kila kitu kinategemea jibu lake: alitathminiwa akaonekana bado hajamudu, au hakuandikishwa kabisa? Kama alitathminiwa, akae chini asome. Kama hakuandikishwa, mwenye makosa ni chuo. Nimeona vyuo vidogo visivyo na mwalimu wa hesabu wala wa mawasiliano vikiwaambia wanafunzi “hizo mtafanya baadaye”, na baadaye hiyo isifike mpaka siku ya kuchukua vyeti.

Sasa nije kwenye lile swali lako la kwanza, maana naliulizwa karibu kila wiki na wazazi, wanafunzi, na hata walimu wenzangu ambao walipaswa kujua. Ati lugha na hesabu zinahusiana nini na umeme?

Nimefundisha umeme miaka mingi na ninatathmini. Siku moja mwanafunzi mmoja aliletewa kazi ya kufunga shawa ya umeme ya wati 7,200. Mkono wake ulikuwa safi sana: mabomba yamenyooka, skrubu zimekazwa sawasawa, waya haujachubuliwa hata mahali pamoja. Ungemwita kwako kesho. Nikamuuliza kwa nini ametumia waya wa milimita 2.5. Akasema, “Ndio tunaotumia kwa soketi.” Nikampa kalamu. Wati 7,200, volti 240, ni ampea ngapi? Akaniangalia, akaangalia ukuta. Hakujua agawanye au azidishe.

Ni kugawanya, na jibu ni ampea 30. Waya ule, ukiwa ndani ya bomba ukutani, haubebi ampea 30 kwa usalama. Naye alikuwa ameweka breka ya 32, kwa hivyo breka isingekata. Mtu angeoga asubuhi na jioni, waya ukipata joto ndani ya ukuta, plastiki yake ikilainika kidogo kidogo, hadi siku moja. Kilichohitajika ni waya wa milimita 6 na mstari mmoja wa hesabu. Sasa mama, niambie, hiyo hesabu ni ya kujazia mtaala?

Na mawasiliano, watu hudhani ni Kiingereza cha kujipendekeza kwa wazungu wa ofisini. Mimi nafikiria kile kikaratasi ambacho fundi hubandika kwenye swichi kubwa kabla ya kupanda darini: “USIWASHE. FUNDI YUKO JUU.” Nafikiria fundi anayekabidhi kazi na kumweleza mama mwenye nyumba ni breka ipi ya jikoni na ipi ya bafu, na kumwandikia. Fundi asiyeweza kueleza alichofunga humwachia fundi wa baadaye mtego. Nimewahi kufungua kisanduku cha breka ambacho hakikuwa na lebo hata moja, na waya wa njano na kijani, ambao ni wa ardhi, umetumiwa kupeleka moto kwenye taa. Aliyefanya hivyo alijua kukaza skrubu.

Ndiyo maana hawa wauza potifolio wananikera kuliko jambo lingine lolote katika kazi hii. Potifolio ni ushahidi wa kazi ya mwanafunzi mwenyewe: mazoezi yake, picha zake, makosa yake na marekebisho ya mwalimu. Niliwahi kuletewa nne kwa siku moja, za vijana wanne, zenye picha moja ya kisanduku cha breka kwenye ukuta wa buluu. Pembeni ya kila picha kulikuwa na ndara nyekundu ileile. Wanne wote nikawarudisha. Mmoja alilia, akaniambia mama yake aliuza mbuzi kulipia zile karatasi. Hasira yangu haikuwa kwa yule kijana. Na hata kama macho yangu yangepitwa, potifolio ni sehemu tu ya tathmini. Mtihani wa nje bado unamngoja, na pale steji hakuna wa kumfanyia.

Tabia hii ya kutafuta somo la kuruka imetuingia kote. Ilipotangazwa kwamba hisabati isingekuwa ya lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya juu, wazazi walipinga, na mwaka 2025 wizara ikairudisha kwa sura mbili: hisabati kamili kwa wa sayansi na teknolojia, na nyepesi kwa wa mikondo mingine. Nilifurahi. Lakini tayari nasikia watu wakiulizana ni mkondo upi “hauna hesabu”, kana kwamba mtoto atafika duniani kusiko na bei, vipimo wala mkopo.

Kwa hivyo, mzazi yeyote wa Kisumu, Kakamega au Nakuru anayetaka kulipa karo ya ufundi, kabla ya kuuliza karo ni ngapi, aulize chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosajili vyuo vya ufundi? Kozi yenyewe imeidhinishwa? Kisha aombe orodha ya uniti zote, na jina la mwalimu wa kila moja. Chuo kikikuonyesha walimu wa umeme tu na kusema zile nyingine “zitapangwa”, chukua mkoba wako uende. Na kwa fundi aliyejifunzia kazini miaka kumi bila darasa, njia halali ipo: utambuzi wa ujuzi uliopatikana awali, ambapo mtu hutathminiwa kwa anachokijua. Huko nako hutathminiwa, hauziwi.

Mama wa Ahero, Jumatatu nenda chuoni na kijana. Chukueni matokeo yake yote. Ombeni mwonyeshwe uniti alizoandikishwa, na tarehe ya mwisho ya kujiandikisha kwa awamu ijayo. Barua ya kuomba hayo aiandike yeye mwenyewe, kwa mkono wake, nanyi mbaki na nakala yenye muhuri wa chuo. Ukifika ofisini, wewe kaa kando umwache aongee. Zile 18,000, kama umeshazipata, mtafutie mwalimu wa hesabu wa jioni. Hatazimaliza zote.