Diski ya Pentium ya zamani haionekani: usifomati, toa nakala kwanza

Mkuu, nimekusoma. Kompyuta ya Pentium ya mzee yenye Windows 98, hesabu za ushirika wa wavuvi zimo humo, ukiwasha inasema hakuna diski, na fundi kakwambia ufomati labda itapona. Nakuomba sana usifomati. Diski haiponi kwa kufomatiwa, na hesabu za watu unazitia hatarini bure.

Natengeneza kompyuta hapa Kirumba, Mwanza, na mashine za umri huo zikiletwa, mara nyingi diski yenyewe ni nzima. Kilichokufa ni betri ya saa kwenye ubao mama, ile bapa ya CR2032. Ikiisha, BIOS, ile programu ya ubao mama inayoanza kabla ya Windows, inasahau hata diski iliyofungwa humo. Weka mpya, ingia BIOS, iambie itafute diski upya. Hapo tulia kidogo: mashine nyingi za miaka ya 1990 zitakuuliza uchague Normal, LBA au Large, yaani namna ya kuhesabu nafasi kwenye diski. Mpangilio uwe uleule uliotumika diski ilipogawanywa. Ukikosea, Windows itaiona kama imeharibika na ScanDisk, programu yake ya kukagua diski, itataka kurekebisha. Usiiruhusu iandike chochote. Zima, jaribu mpangilio mwingine.

Angalia na kebo bapa ya pini 40. Mstari mwekundu unaendana na pini namba 1, ambayo kwenye diski nyingi iko upande wa soketi ya umeme. Unyevu wa ziwa unaleta kutu kwenye pini, kwa hiyo chomoa na urudishe taratibu bila kuzipinda.

Sasa tega sikio. Mlio unaopanda polepole kisha ukatulia ni dalili njema. Ukisikia inagonga ka-ka-ka, ikanyamaza, ikarudia, zima palepale, maana vichwa vya kusomea vinashindwa kusoma na kila dakika inayowaka inaweza kukwangua data. Hiyo ni ya wenye chumba kisicho na vumbi, usiifungue mwenyewe. Wala usifuate ushauri wa kuiweka kwenye friji: ukiitoa kwenye joto la huku Mwanza, inatoka jasho la maji.

Ikizunguka vizuri, ichomoe, tumia adapta ya IDE (ndiyo hiyo kebo ya pini 40) kwenda USB yenye umeme wake, uunganishe na kompyuta yenye Linux. Jua jina lake kwa amri ya lsblk, usije ukakosea diski, halafu nakili kwa ddrescue, programu ya kunakili diski zenye matatizo (weka herufi ya diski yako penye X):

ddrescue -n /dev/sdX pentium.img ramani.map

Faili la ramani, linaloweka kumbukumbu ya kilichokwisha kunakiliwa, ndilo ninalolipenda zaidi. Umeme ukikatika, unarudia amri ileile na inaendelea karibu na pale ilipoishia, haianzi upya. Sehemu ngumu, ambazo -n inaziruka, zirudie baadaye kwa -r3 badala yake, yaani ijaribu mara tatu. Diski za wakati huo ni ndogo, nakala nzima inaingia kwenye flashi.

Kazi nyingine zote fanya kwenye nakala. Ikiwa sehemu ya kwanza ya diski (partition) inaanzia sekta ya 63, kama ilivyo kawaida kwa Windows 98, ifungue kwa mount -o ro,loop,offset=32256. Ikigoma, jaribu TestDisk, programu ya kutafuta sehemu za diski zilizopotea. PhotoRec iwe ya mwisho, maana inaokoa mafaili bila majina yake, na kupanga hesabu za miaka mingi bila majina ni mateso.

Tupia hapa picha ya lebo ya diski na jampa zake (vile vifuniko vidogo vya pini nyuma yake) zilivyokaa, nikuangalizie kama iko kwenye master, yaani diski kuu ya kebo, kabla hujanunua adapta.