Maswali ya Wasomaji: Tunabana Matumizi, Mbona Fedha Hazionekani?

Barua za toleo hili zinahusu matumizi ya nyumbani, yaani mahali pa kubana na mahali pa kulegeza kidogo. Tumechagua tatu, na ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu hali inayoelezwa humo inazikuta familia nyingi zilizohamia Dodoma katika miaka ya karibuni.

*Mama Mshauri, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne na tunaishi Nkuhungu. Mume wangu ni mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huku kutoka Dar es Salaam, nami nauza nguo za mitumba. Tangu tupate kiwanja, mume wangu ametangaza kwamba ni ujenzi kwanza. Soda imefutwa, nyama tunaila mwisho wa mwezi tu, na watoto wakiomba zabibu barabarani huambiwa, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Linaloniumiza ni kwamba pamoja na kujinyima kote huko, tarehe 20 ikifika tunaanza kuandikiwa katika daftari la madeni dukani. Nami mara mojamoja huwanunulia watoto chipsi bila baba yao kujua. Je, nakosea? Na tufanye nini ili fedha zionekane? — Mama wa Wanne, Nkuhungu.*

Marahaba, mwanangu. Nianze na chipsi, kwa kuwa ndizo zinazokusumbua moyoni, ingawa kwa hesabu ya mwezi ni jambo dogo. Kinachonitia wasiwasi ni ile siri. Mtoto anayefutwa mdomo mlangoni ili baba asione mafuta anajifunza kwamba kula kitu kitamu ni kosa la kufichwa, na wewe unakuwa na matumizi ambayo hayawezi kuandikwa popote, hivyo siku mtakapokaa kupiga hesabu hamtapata jumla ya kweli. Chipsi hizo zihamishie mezani, kwa utaratibu nitakaoueleza mbele kidogo.

Sasa tuje kwenye fedha. Kwa jinsi ulivyoeleza, mmefuta vitu vinavyoonekana, yaani soda, nyama na zabibu, lakini hamjagusa namna mnavyonunua vile visivyofutika. Nina hakika kwamba mafuta ya kupikia mnanunua ya kupima, sukari robo robo, mkaa kwa kopo na unga kilo moja moja, kwa sababu nyumba inayofikia kuandikiwa dukani kila tarehe 20 haina tena njia nyingine ya kununua. Anayenunua kwa kopo hulipia mkaa pamoja na kazi ya muuzaji ya kuugawa gunia zima katika makopo. Anayekopa dukani hupoteza na uhuru wa kuchagua, kwani hata akisikia kwamba sukari imeshuka bei soko la Majengo, atarudi palepale penye jina lake. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao najua Baba Watoto hataupenda, ni kwamba tofali zisubiri mwezi mmoja au miwili hadi daftari lile lifutwe lote. Kupandisha ukuta huku unga unaliwa kwa mkopo ni kujijengea deni.

Daftari likishafutwa, jambo la pili ni nafaka, na hapa mnaishi mahali pazuri kuliko mnavyodhani. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, kwa hiyo mahindi huvunwa kwa pamoja kuanzia Mei na Juni, bei ikashuka, kisha ikaanza kupanda polepole hadi ile miezi ya Januari na Februari ambapo maghala ya wengi yamebaki matupu. Aliyezoea Dar es Salaam hununua unga dukani mwaka mzima bila kuuona mzunguko huo. Kibaigwa, wilayani Kongwa, lipo soko kubwa la nafaka kando ya barabara kuu ya Morogoro, na si lazima msafiri ninyi wenyewe. Familia tatu au nne za jirani zinaweza kuchangia na kumtuma mtu mmoja mwaminifu. Nyumba ya watu sita inayotumia kilo moja na nusu hadi mbili za unga kwa siku hula gunia la kilo 100 kwa takriban miezi miwili, hivyo magunia matatu au manne yaliyonunuliwa Juni au Julai yatawavusha miezi ya bei kali. Saga dona badala ya kukoboa. Ukikoboa, sehemu kubwa ya nafaka uliyoilipia hubaki mashineni ikiwa pumba, na pumba hizo utazikuta tena sokoni zikiuzwa kwa wafugaji.

Lakini usiyaweke magunia hayo kabla ya kujiridhisha kwamba mahindi yamekauka. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi robo yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache kisha uiache itulie kama robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado yana unyevu na yanahitaji kuanikwa tena juu ya turubai, wala si juu ya udongo. Ikidondoka yote chini, yamekauka. Silitaji hili kwa kujaza ukurasa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi yaliyohifadhiwa majumbani. Sumu hiyo haiondolewi na moto wa kupikia, hivyo punje zilizoota ukungu au kubadilika rangi huchambuliwa na kutupwa, hata kama mkono unasita. Kwa dumuzi, ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa inafaa sana, kwani mdudu aliyefungiwa humo huimaliza hewa akafa bila dawa yoyote, mradi ufunge kila tabaka peke yake na panya wasiutoboe.

Mboga nayo ina msimu wake. Wakati wa masika mlenda na majani ya kunde hupatikana kwa bei ndogo mno, na wanawake wa Kigogo tangu zamani huyakausha na kuyaweka kwa ajili ya kiangazi, wakati ambapo mchicha wa kumwagilia hupanda bei. Jirani yako mwenyeji atakuelekeza kwa furaha. Kausha kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali huharibu vitamini.

Sasa nirudi kwenye zabibu. Kwa heshima zote kwa Baba Watoto, kuwanyima watoto zabibu mkiwa Dodoma ni kubana mahali ambapo hapabani kitu. Huku zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno yanapokolea bei yake haifanani hata kidogo na ile mliyoizoea Dar es Salaam. Wakati huo ndio wa kula. Chagua kichala chenye kikonyo cha kijani na punje zisizoachia ukikitikisa, na usikubali kuambiwa kwamba zabibu chachu zitaivia nyumbani, kwani zabibu haiivi tena ikishachumwa.

Utaratibu niliouahidi ni huu. Kaeni wawili, mkubaliane kiasi cha fedha ambacho kila mwezi kitakuwa cha kujifurahisha, hata kikiwa kidogo kiasi gani, kitengwe siku ileile mshahara unapoingia, na kiwekwe katika bahasha yake mbali na fedha za mboga na za ujenzi. Watoto waambiwe kiasi kilichomo na wachague wenyewe, mwezi huu zabibu na chipsi, mwezi ujao pengine Jumamosi moja kwenda mnadani Msalato kula nyama ya kuchoma. Kikiisha kimeisha, hakuna kuongezea wala kukopa. Kikibaki, kibaki kwa ajili hiyohiyo, kisiende kwenye saruji. Sharti hili la mwisho ndilo wanaume wengi hulivunja, na likishavunjwa mara moja tu watoto hawataamini tena bahasha, nawe utarudi kwenye chipsi za kufuta mdomo mlangoni.

*Mama Mshauri, naomba msaada. Mimi ni mpangaji Chang'ombe. Maji yakikatika tunanunua kwa madumu ya toroli, na gharama yake inazidi hata ya umeme. Mwenye nyumba haruhusu kuchimba wala kujenga chochote. Je, kuna njia? — Mpangaji Mwenye Kiu.*

Njia ipo juu ya kichwa chako, ingawa ni ya miezi ya mvua tu. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja ya maji. Tuseme paa la upande wenu lina mita za mraba 50. Mvua moja nzuri ya milimita 20 inadondosha hapo lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20, na hata ukitoa yanayomwagika utabaki na mengi. Kwa wastani wa Dodoma, ambao ni takriban milimita 550 kwa mwaka, paa hilo hupokea zaidi ya lita 27,000. Mwenye nyumba amekataza kuchimba na kujenga, hakukataza kuning'iniza; mwombe kwa adabu akuruhusu kufunga mfereji wa bati kwa waya, na maji yaingie katika pipa au simtanki ambalo ukihama utaondoka nalo. Mvua ya kwanza iache ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Chombo kifunikwe mbu wasizaliane, na maji ya kunywa yachemshwe.

Kiangazi kitakapofika, maji ya suuza ya mwisho ya nguo yatumie kudekia na kumwagia chooni. Zaidi ya hapo sina la kukushauri isipokuwa kuwa na akiba ya madumu yaliyojazwa siku bomba linapotoka, kwa sababu maji ya toroli huwa ghali zaidi siku ambayo mtaa mzima unayataka.

*Shikamoo Mama. Binti yangu anatimiza miaka saba. Keki za kuagiza siziwezi, na oveni sina. Nifanyeje asijisikie mnyonge mbele ya wenzake? — Baba wa Binti, Ipagala.*

Marahaba, baba. Nimefurahi kuona swali la keki likiletwa na mwanamume. Oveni huihitaji. Pima unga wa ngano nusu kilo na beking pauda vijiko vitatu vya chai. Saga siagi ya kopo robo kilo pamoja na sukari robo kilo kwa mwiko hadi viwe vyeupe na laini, ongeza mayai matano moja baada ya jingine, kisha unga kidogo kidogo na maziwa kiasi cha kikombe kimoja. Ukipata zabibu kavu, zipakaze unga kwanza zisizame chini. Mimina katika sufuria iliyopakwa mafuta, ijae nusu tu, kwa kuwa keki itaumuka.

Tandaza mchanga mkavu uliochekechwa ndani ya sufuria kubwa, uipashe moto vizuri, kisha weka ile ndogo juu ya mchanga na ufunike. Mkaa wa chini uwe mchache, wa juu ya mfuniko uwe mwingi zaidi, kwani chini pakizidi keki huungua kitako kabla katikati hapajaiva. Usifunue kwa nusu saa ya kwanza. Baada ya dakika 45 hivi, toa mkaa wote wa juu kwa koleo, futa majivu kwa kitambaa chenye unyevunyevu, ndipo uinue mfuniko na kuchoma katikati kwa kijiti safi. Kikitoka kikavu, ipua, na uiache ipoe kabisa kabla ya kuigeuza kwenye sinia, la sivyo itakatika vipande mbele ya wageni wa binti yako.