Re: Insuleta ya Kondo inayumbaje kama metali?

Ssebo wa Jinja, umeuliza kama SmB6 (kristali ya samariamu na boroni, ni insuleta ya Kondo, yaani ikipoa sana elektroni zake zinafungamana na zile zilizokwama kwenye atomi) haipitishi umeme hizo osilesheni za kwanta zinatoka wapi, swali tamu hilo, wataalamu wenyewe bado wanavutana. Metali ikiwa baridi sana ukazidisha uga wa sumaku, ukinzani na usumaku wake vinapanda na kushuka, ndizo osilesheni zenyewe, sababu ya elektroni huru, sasa insuleta inazitoa wapi? 2014 watu wa Michigan wakasema ni pale juu kwenye uso tu, 2015 wa Cambridge wakasema hapana, ni ndani kabisa. Wengine wanashuku alumini, metali, iliyonasa ndani ya kristali za SmB6 zinazokuzwa kwenye alumini iliyoyeyuka. Mi ningekwambia soma YbB12 (insuleta nyingine ya Kondo, ya itabiamu na boroni), maana 2018 hadi ukinzani wenyewe ulionekana ukiyumba, na kristali zake hazikuzwi kwenye alumini iliyoyeyuka, so hapo alumini haisingiziwi.